Wenzangu wa baiskeli wananiacha njiani, nitundike daluga?

SWALI

Asalaam aleykum, Bi Mshauri. Mimi ni mzee wa miaka 68, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nilistaafu nilipofikisha miaka 60. Kazi yangu ilikuwa ya ofisini, kutwa kucha mezani, na baiskeli ndiyo iliyokuwa ikininyoosha viungo, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Baada ya kustaafu tulikutana wastaafu wa mitaa ya jirani, tukawa tunatoka pamoja kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Safari yetu kubwa ni Tongoni. Tukifika tunakunywa madafu, tunapiga soga karibu na yale magofu, kisha tunarudi kabla jua halijakolea. Wiki nyingine tunaishia Amboni au Pongwe. Baiskeli yangu ni Phoenix ya kiume, ninayo tangu nikiwa kazini.

Miaka ya mwanzo mimi ndiye niliyekuwa natangulia. Sasa mambo yamegeuka. Goti la kushoto linauma, hasa nikishuka ngazi au nikinyonga baiskeli kukabili upepo. Pumzi inakata mapema. Wenzangu wananisubiri kila kona, na mmoja akasema mbele ya wote, "Mzee mwenzetu, wewe panda daladala utukute huko huko." Wakacheka, nami nikacheka, lakini lile neno limenikaa. Tangu siku hiyo natoka peke yangu kabla hawajaamka, au nawaambia nina wageni nyumbani.

Kwenye kipandio, kile kilima cha njia ya Amboni, kifua hunibana kidogo, nikisimama kinaachia. Natumia dawa za presha, atenolol na ile ya kukojoza, kwa hiyo nadhani ni uzee tu.

Mwezi uliopita nilianguka hapo hapo mlangoni. Nilikuwa narusha mguu juu ya siti nipande, mguu haukufika, nikaenda chini na baiskeli ikanilalia. Nilichubuka kiwiko tu, lakini mke wangu aliona, na tangu hapo nyumbani ni kesi. Yeye anataka baiskeli iuzwe. Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam anasema atanunua bajaji, atafutwe dereva, niwe nabebwa. Najua wanasema kwa mapenzi. Ila mimi ni mtu wa Tanga, nikinyang'anywa baiskeli nitabaki barazani nahesabu wapita njia. Nishauri, nitundike daluga au niendelee kivyangu?

Mstaafu, Ngamiani

JIBU

Waaleykum salaam, Baba. Shikamoo.

Umenieleza goti, wenzako, kuanguka na bajaji, na kila moja umelipa nafasi yake. Lakini kuna jambo umelipitisha kwa sentensi moja, na mimi ndipo niliposimama: kifua hunibana kwenye kipandio, nikisimama kinaachia. Hilo ndilo la kwanza. Yote nitakayoyaandika kuhusu baiskeli yako yasubiri mpaka hilo limepimwa.

Kifua kinachobana mtu anapojitumikisha, kisha kikaachia anapopumzika, ni dalili inayojulikana ya mishipa inayoulisha moyo kuwa imekuwa myembamba. Ukipanda mlima moyo unadai damu zaidi, damu haipiti ya kutosha, kifua kinabana. Ukisimama dai linapungua na kifua kinatulia. Huenda si hiyo. Kiungulia, pumu, hata upungufu wa damu vinaweza kumletea mtu hali inayofanana. Lakini hiyo ya moyo inaweza kuua ghafla, na hakuna mtu anayeweza kuzitenganisha akiwa juu ya siti. Kuiita "uzee tu" ni kuifungia mlango. Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba, na wewe hapa umeanza kuficha, maana nina hakika mkeo hajasikia habari ya hicho kifua.

Nenda hospitali ya Bombo wiki hii. Umevuka miaka 60, dirisha la wazee lipo kwa ajili yako, chukua kitambulisho na dawa zako zote uzitie mfukoni ukaoneshe. Usiseme "nimekuja kupima presha" ukaishia hapo. Sema kama ulivyoniandikia, na uongeze: kinaanza baada ya kunyonga kwa muda gani, kinachukua dakika ngapi kuachia, kama maumivu yanatembea kwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, kama unatoka jasho la baridi. Waombe wakupime umeme wa moyo, sukari, lehemu na wingi wa damu. Wakiona haja ya vipimo zaidi watakupa rufaa, pengine hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, na kijana wako huko ndipo atakapokufaa. Mpaka hapo baiskeli ipumzike. Tembea kwa miguu, taratibu, kwenye tambarare, na kifua kikibana simama.

Na kama kitabana ukiwa umekaa tu, au kikapita robo saa hakijaachia, au kikaja na jasho, kichefuchefu na mkono kuwa mzito, hapo hakuna kungoja kuche. Ni hospitali muda huo huo, kwa gari, na mtu wa kukushika mkono.

Kuhusu atenolol, tafadhali usiiache kwa sababu unaona inakupunguza kasi. Ni kweli inapunguza. Kazi yake ni kuuzuia moyo usiende mbio, kwa hiyo hata ukinyonga kwa nguvu zote mapigo hayapandi kama zamani, na sehemu ya hiyo "pumzi inayokata" inaweza kutoka hapo. Lakini dawa hii ikikatwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa kishindo, na kwa mtu mwenye kifua kinachobana hilo ni hatari kubwa. Mwambie daktari kwamba wewe ni mtu wa baiskeli. Yeye anaweza kubadilisha dawa au kipimo, wewe usijaribu. Ile ya kukojoza nayo inakupunguzia maji, na mtu akizeeka kiu humchelewa, hivyo kunywa kabla hujahisi kiu, na umuulize daktari uimeze saa ngapi siku ya safari. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi, kwa hiyo kama figo zako zina shida yoyote au ukibadilishiwa dawa ya presha, uliza kwanza.

Sasa nikichukulia kwamba umepimwa na umeruhusiwa, tuzungumze habari ya kuachwa.

Baba, kuachwa ni jambo la mwili wa kila mtu. Kuna hesabu ya makadirio ambayo wataalamu wa mazoezi huitumia: toa umri wako kwenye 220, unapata kama mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia kwa dakika. Ulipokuwa na miaka 40 ilikuwa 180. Leo ni 152, na hapo hatujaihesabu atenolol. Misuli ya mapaja nayo imekuwa ikipungua tangu ujanani, na ikishapita miaka 60 inapungua haraka zaidi, tena ile nguvu ya ghafla ya kupanda kilima ndiyo inayotangulia kuondoka. Huyo aliyekwambia upande daladala naye yumo kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kule Ufaransa alikuwapo mzee aitwaye Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, aliendesha baiskeli uwanjani kwa saa moja akamaliza kilomita 26.927. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alirudi kwenye saa moja ile ile, akapata kilomita 22.547. Alikuwa amepungua zaidi ya kilomita 4 ndani ya miaka mitatu, na watu wakamsimamia kumpigia makofi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alipokuwa kati ya miaka 101 na 103 wanasayansi walimpangia mazoezi, sehemu kubwa ya polepole na sehemu ndogo ya nguvu, na uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ukapanda kwa asilimia 13. Katika umri huo! Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Simleti kwako ili ushindane naye, maana yeye alikuwa na madaktari wakimfuatilia. Namleta kwa sababu alipungua na akaendelea, yote mawili kwa pamoja, na ndilo ninalokuomba.

Acha kupima safari kwa kilomita au kwa mgongo wa aliye mbele yako. Pima kwa muda na kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hakuna palipoandikwa kasi wala Tongoni. Nusu saa siku tano, kutoka Ngamiani hadi Raskazone ukipitia Bombo, kisha ukarudi, inakutosha. Na kwa kuwa atenolol inayaharibu mahesabu ya mapigo, tumia mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima huku unanyonga lakini huwezi kuimba, hapo ndipo pako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Baada ya siku ya safari ndefu weka siku ya kupumzika. Zamani ulilala ukaamka mzima, sasa misuli inadai muda zaidi, na ni haki yake.

Hiyo Phoenix yako ndiyo mada ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie.

Goti linalouma ukishuka ngazi na ukinyonga kwa nguvu, mara nyingi ni pale kwenye kifuniko cha goti, na adui wake mkubwa ni siti iliyo chini. Wazee wengi wakishaanza kuogopa kuanguka huenda kwa fundi wakashusha siti ili miguu yote miwili ikanyage ardhi. Matokeo yake goti linakunjwa mno kila pedali inapopanda juu. Fanya hivi: egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukibaki umekunjika, siti ipandishwe. Kisha ukinyonga kama kawaida, kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo linapopumua.

Utaniuliza, siti ikipanda nitakanyagaje chini? Hutakanyaga ukiwa umekaa. Ukitaka kusimama unafunga breki, unatelezesha makalio mbele mpaka yatoke kwenye siti, ndipo unashusha mguu mmoja chini. Jifunze uani au kwenye uwanja mtupu mpaka mwili uzoee. Na hapo ndipo bomba la juu la baiskeli ya kiume linapoleta taabu, maana ndilo lililokuangusha mlangoni. Kurusha mguu nyuma juu ya siti kunataka nyonga laini na mguu mmoja wenye nguvu ya kukubeba peke yake, na vyote viwili vimepungua.

Kwa hiyo nakwambia bila kuzunguka: nunua baiskeli ya kike. Ile yenye fremu iliyoinama, unayoivuka kwa kuinua mguu kidogo tu. Najua moyo wako umeshtuka. Lakini mvaa kanzu inamfaa kuliko yeyote, na wanawake wa Tanga tumeziendesha tangu zamani, kwenda sokoni, shambani na kazini, hazijawahi kututupa. Ukipata yenye gia ni bora zaidi, maana kipandio kitapandwa kwa pedali nyepesi na goti litakushukuru. Kama mfuko haukuruhusu bado, fundi anaweza kukubadilishia friwili ya nyuma, akaweka yenye meno mengi zaidi, pengine na kuongeza pingili za cheni. Utakwenda polepole, ila kila mzunguko utakuwa mwepesi. Akague na breki. Zile za fimbo za chuma zinashika vibaya rimu ikilowa, na masika ya Tanga unayajua. Tafuta na taa ya betri ya nyuma, kwa sababu unatoka baada ya alfajiri kukiwa bado giza, na taa ya dinamo huzimika ukisimama, wakati ambao ndio hasa bodaboda anatakiwa akuone.

Kuna kitu kimoja baiskeli haikupi hata ukiipanda kila siku. Ukiwa juu yake uzito wako umebebwa na siti, na mfupa huimarika ukibeba uzito. Wala haikufundishi kusimama imara. Ndiyo maana mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unataka pia mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na ya kujizuia usiyumbe siku 3. Huhitaji kwenda jimu. Chukua kiti kigumu, kaa, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole, mara 10, pumzika, rudia. Mapaja yatakayokuinua hapo ndiyo yanayolishikilia goti lako njiani. Ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja, kiganja kikiwa karibu na ukuta. Na unapoamka usiruke kitandani, kaa pembeni kwanza, kwa kuwa dawa zako mbili zinaweza kukupa kizunguzungu ukiinuka ghafla.

Nirudi kwa wenzako. Kutoka peke yako gizani, bila mtu kujua umeelekea wapi, na kifua kinabana, hilo silikubali. Yule aliyetania huenda hajui kama aliumiza. Mwite pembeni, si mbele ya watu, mwambie lile neno lilikuchoma. Kisha pendekeza kwa kundi zima kwamba mwendo uwe wa aliye nyuma, na wenye haraka watangulie mpaka mahali mlipokubaliana wakaagize madafu. Mwambani ni pazuri kama Tongoni kwa soga. Pia tazameni upepo. Msimu wa kusi, njia ya Tongoni mnakwenda mkiukabili na mnarudi ukiwasukuma, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: kazi ifanywe mwanzo, nguvu zikiwapo. Kaskazi ikivuma geukeni upande wa Amboni. Mtu anayechoka huchokea wakati wa kurudi, na upepo wa usoni kwenye kilomita za mwisho ndio unaowatenganisha.

Mkeo alikuona ukianguka. Kinachosema sasa ni hofu yake, na hofu haiondolewi kwa ubishi. Mwambie habari ya kifua, nenda naye hospitali, asikie kwa masikio yake daktari anasema nini. Kisha mwoneshe baiskeli unayoweza kuivuka bila kurusha mguu. Ukitoka mwachie neno, unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, na simu iwe na chaji.

Kijana mwambie baba yake anamshukuru. Bajaji ikija mkaiendesha kama biashara, ni heri, na siku ya mvua au ya kwenda kliniki itakufaa. Ila usiipokee kama mbadala wa miguu yako, maana mzee anayebebwa kila mahali hupoteza mapaja haraka, na mapaja yakishakwenda hata kuinuka chooni huwa kazi. Mwombe sehemu ya fedha hizo, hata kidogo, iende kwenye baiskeli ya kike yenye gia, taa na kofia ngumu, na nyingine ibaki akiba ya vipimo.

Jumamosi hii usiwaambie wenzako kwamba una wageni. Waambie umesimama kwa ajili ya kifua na unakwenda kupimwa. Katika kundi la wastaafu wanaotumia dawa za presha, inawezekana kabisa yuko mwingine anayebanwa kwenye kipandio kile kile na hajamwambia mtu.